Bwawa Tumelirithi, Nyaraka Je?

Mwanafunzi mmoja wa Kakuma aliwahi kunifunga kinywa. Nilikuwa nikifundisha habari za nguvu za umeme nchini, nami nimekwisha kulitaja bwawa la Turkwel na megawati zake 106. "Mwalimu," akauliza, "mbona mto unatufikia sisi, na umeme unakwenda Lessos?" Usiku ule alidurusu kwa taa ya mafuta. Lodwar kwenyewe, mji ulio ukingoni mwa Turkwel, ulitegemea jenereta za dizeli kwa miongo mingi.

Jibu limo katika majalada. Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi iliikabidhi kampuni ya Kifaransa, Spie Batignolles, kazi hiyo bila zabuni ya ushindani. Mwaka huohuo ulivuja magazetini waraka wa siri wa Achim Kratz, mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya nchini: bei, alisema, ilizidi mara mbili ile ambayo ingepatikana kwa zabuni ya kimataifa. Yaani habari za mali yetu tulizipata kwa mgeni, tena kwa bahati.

Tangu hapo bwawa limerithiwa na Kibaki, Uhuru Kenyatta na Ruto. Je, kila mrithi aliyasoma majalada ya mtangulizi wake? Uingereza, tulikoutoa utaratibu wetu wa Baraza la Mawaziri, desturi huwanyima mawaziri wapya nyaraka za baraza la chama kilichoondoka. Desturi hiyo naielewa: waziri anayehofu kusomwa na mpinzani wake hatasema la moyoni. Lakini mashauriano ya mawaziri ni jambo moja. Mkataba, bei na deni ni jambo jingine kabisa, na mlipaji ni raia.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huzihesabu kumbukumbu za Baraza la Mawaziri miongoni mwa mambo ya usalama wa taifa. Hata hivyo, sheria iyo hiyo yasema habari iliyohifadhiwa zaidi ya miaka 30 ichukuliwe kuwa si ya kuzuiliwa, ila mwenye kuishika akithibitisha vinginevyo. Mkataba wa Turkwel ulitimiza umri huo mwaka uleule sheria ilipopitishwa.

Ombi la habari hupokewa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Darasa la kidato cha nne, Lodwar au Kakuma, laweza kuliandika katika kipindi kimoja cha insha.