Watu wa Savoie Waitweje?

Tarehe 24 Januari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, ambaye Wasalesiani wa Don Bosco wanabeba jina lake. Wengi humtaja kuwa Mfaransa. Lakini alipozaliwa mwaka 1567, kijiji chake cha Thorens, katika milima ya Alpi, kilikuwa chini ya mtawala wa Savoie, si mfalme wa Ufaransa. Savoie iliingia Ufaransa moja kwa moja mwaka 1860.

Kwa Kifaransa mtu wa huko huitwa “Savoyard”. Jina lenyewe halina ubaya: asili yake ni Sapaudia, jina la eneo hilo kwa Kilatini. Ubaya uliletwa na dharau. Zamani, wakati wa baridi, wanaume na watoto maskini walishuka kutoka milimani kwenda Paris kutafuta vibarua, wengine wakisafisha dohani. Masizi yaliwaganda, na watu wa mjini wakalitumia jina lao kumaanisha mtu mchafu asiye na adabu. Ndiyo maana baadhi yao walipendelea kuitwa “Savoisien”. Hata hivyo, “Savoyard” ndilo linalotumika zaidi hadi leo.

Katika falsafa tunajifunza kwamba neno ni ishara. Basi jina la watu laweza kugeuka tusi bila herufi hata moja kubadilika. Tujiulize, seminarini na katika jumuiya zetu: tunapomtaja mwenzetu kwa kabila lake, tunamtambulisha au tunamdharau?