Kiasi, Wakati na Kanieneo: Ufafanuzi wa Urekebishaji wa Mfumo wa Dizeli katika Pikapu za Zamani, Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mfumo wa dizeli wa pikapu za zamani unavyofanya kazi na namna unavyoweza kurekebishwa bila kuharibu injini. Mfano mkuu ni injini ya Toyota 1HZ. Hoja inayojengwa ni kwamba kauli ya "kuongeza nguvu" huficha mambo matatu tofauti, yaani kiasi cha dizeli, wakati wa kupulizwa kwake na kanieneo inayoipuliza. Fundi na mwenye gari wasipoyatenganisha, marekebisho huzaa moshi na joto badala ya nguvu.

1.0 Utangulizi

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za mkoa wa Lindi ambazo uchumi wake hutegemea korosho, ufuta na mbaazi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza (1947–1951) iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mazao yamesafirishwa kwa barabara. Kabla ya kufika kwenye lori kubwa, gunia la korosho hutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, na sehemu hiyo ya safari ndiyo inayozipa pikapu za zamani umuhimu wake. Minada ya mazao chini ya chama kikuu cha ushirika RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huendeshwa kwa msimu. Gari likiharibika ndani ya msimu, hasara ya mwenye gari haiishii kwenye gharama ya vipuri.

Magari yanayozungumziwa hapa ni yale yasiyo na kompyuta ya kusimamia mafuta, hususani Toyota Hilux zenye injini za 2L na 3L, na Land Cruiser za HZJ75 na HZJ79, maarufu kama mkonga, zenye injini ya 1HZ. Kwa kuwa kila kitu ndani ya mfumo wa mafuta ya magari haya husukumwa na chuma, springi na mafuta yenyewe, fundi mwenye spana anaweza kuyarekebisha. Urahisi huo ndio unaoyafanya yapendwe, na ndio unaoyaweka hatarini.

2.0 Pampu moja, kazi tatu

Injini ya 1HZ ina silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na pampu ya dizeli ya mzunguko. Tofauti na pampu za safu, ambazo huwa na pistoni moja kwa kila silinda, pampu hii ina pistoni ndogo moja tu inayozihudumia silinda zote. Pistoni hiyo huzunguka na wakati huohuo husogea mbele na nyuma. Inapozunguka huchagua silinda, na inaposonga mbele husukuma dizeli. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pampu huzunguka mara 1,500, nayo pistoni husukuma mara 9,000, sawa na mara 150 kwa sekunde.

Kazi ya kwanza ya pampu ni kupima kiasi. Juu ya pistoni kuna pete inayofunika tundu la kumwagia. Pistoni inaposonga mbele na tundu likatoka nje ya pete, dizeli iliyobaki humwagika ndani ya pampu na upulizaji hukoma. Pete ikisogezwa kuelekea upande ambao pistoni inaenda, tundu huchelewa kufunguka na dizeli inayopulizwa huongezeka. Pedali ya mafuta na vyuma vya gavana ndivyo vinavyoisogeza pete. Nyuma ya pampu kuna skrubu inayoweka kikomo cha juu cha kiasi hicho, nayo ndiyo hukimbiliwa na wengi gari linaposhindwa kupanda mlima.

Kazi ya pili ni kupanga wakati. Ndani ya pampu kuu kuna pampu ndogo ya awali inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Kanieneo inayotokana nayo hupanda kadiri injini inavyokimbia, na hutumika kusukuma pistoni nyingine inayoutanguliza upulizaji. Pampu ndogo ikichakaa, au chujio likiziba, kanieneo hiyo hushuka na upulizaji huchelewa. Gari hupoteza nguvu ilhali kiasi cha dizeli hakijabadilika hata kidogo.

Kazi ya tatu ni kuijengea dizeli kanieneo ya kufungua nozeli. Katika injini za aina hii, zenye chemba ndogo ya awali kichwani mwa silinda, nozeli hufunguka kwa kanieneo inayozidi baa 100. Springi ya nozeli ikilegea, nozeli hufunguka mapema na kudondosha matone mazito badala ya ukungu, na matone hayo huchelewa kuungua.

Hapa ndipo lugha inapogusa ufundi. Katika Kiswahili cha kila siku neno presha hutajwa kwa damu, kwa tairi na kwa mashine bila kubagua, ilhali ndani ya pampu hii kuna kanieneo mbili zenye kazi tofauti kabisa. Moja ni ndogo, hubadilika kwa mwendo wa injini na hutawala wakati. Nyingine ni kubwa na hufungua nozeli. Mteja akiambiwa kwamba "presha iko chini", hajaambiwa bado ugonjwa uko wapi.

3.0 Hewa kama kikomo

Dizeli haitoi nguvu isipopata hewa. Kikemia, gramu moja ya dizeli huhitaji takribani gramu 14.5 za hewa ili iungue yote. Kwa kuwa dizeli na hewa havipati muda wa kuchanganyika kikamilifu, moshi mweusi huanza kuonekana kabla uwiano huo haujafikiwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji huacha ziada ya hewa.

Hesabu rahisi inaonyesha nafasi iliyopo ni finyu kiasi gani. Katika mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ya 1HZ isiyo na taboa huvuta kinadharia lita 6,246 za hewa kwa dakika, ambazo katika joto la Lindi zina uzito wa takribani kilo 7. Kwa uwiano wa 20 kwa 1, hewa hiyo inatosha gramu 350 hivi za dizeli kwa dakika. Zikigawanywa kwa mipulizo 9,000, kila mpulizo hupata miligramu 39, yaani ujazo usiozidi tone moja la maji. Skrubu ikiongeza sehemu moja tu ya kumi ya tone hilo, uwiano hushuka hadi karibu 18 kwa 1. Chujio la hewa likiwa limejaa vumbi la barabara ya udongo, uwiano hushuka zaidi bila skrubu kuguswa.

Dizeli inayokosa hewa hutoka kama masizi, na kuchelewa kuungua kwake hupandisha joto la moshi, la vali na la kichwa cha silinda. Kwa injini za 2L, ambazo mafundi wanazifahamu kwa vichwa vyake kupasuka joto linapozidi, hatari hiyo iko karibu mno. Nguvu ya kweli huhitaji hewa zaidi, na hiyo ndiyo maana ya taboa. Hata hivyo, Toyota haikuichukua 1HZ na kuifungia taboa tu. Ndugu yake, 1HD-T, iliundwa ikiwa na upulizaji wa moja kwa moja ndani ya silinda na pampu yenye kifaa kinachoongeza dizeli pale tu hewa ya taboa inapoongezeka. Taboa ikifungwa kwenye injini yenye pampu isiyo na kifaa hicho, dizeli ikaongezwa kwa skrubu, mwendo wa chini utakuwa wa moshi kwa sababu taboa bado haijaanza kusukuma hewa.

4.0 Dizeli kama kilainishi

Pampu ya mzunguko hailainishwi kwa oili ya injini, bali kwa dizeli inayopita ndani yake. Uchakachuaji wa mafuta kwa hiyo ni suala la kiufundi na la kisheria kwa pamoja. Mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha hafifu. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Kiwango hicho ni nafuu kwa mapafu ya watu, lakini mchakato wa kuondoa salfa huondoa pia viambata vinavyolainisha, hivyo dizeli hiyo huhitaji kuongezewa kilainishi kabla ya kuuzwa. Mafuta yanayouzwa kwa madumu, ambayo chanzo chake hakijulikani, huiweka pampu ya zamani mahali pabaya zaidi.

Swali la mafuta ya mimea nalo lina historia katika eneo hili. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, zao lilelile ambalo baadaye lilivuta mitambo hadi Nachingwea. Jambo linawezekana, ila mafuta ya mimea yasiyosindikwa ni mazito takribani mara kumi kuliko dizeli. Bila tangi la pili na njia ya kuyapasha moto, huilemea pampu ndogo ya awali na kuharibu ukungu wa nozeli.

5.0 Utaratibu wa marekebisho

Kutokana na maelezo hayo, mpangilio wa kazi unapaswa kuanza na usafi na kuishia na skrubu. Kwanza, maji yamwagwe kwenye mtego wake, vichujio vya dizeli na hewa vibadilishwe, na mpira unaopitisha nuru ufungwe kwa muda kabla ya pampu ili mapovu yaonekane. Pili, vali zipimwe nafasi zake na silinda zipimwe mgandamizo, kwa kuwa pampu haiwezi kuponya injini iliyochoka. Tatu, nozeli zijaribiwe kwenye kipimio cha mkono. Mikono ikae mbali, kwani mpulizo wa nozeli hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kwa macho, ni la kukimbizwa hospitali. Nne, wakati wa pampu upimwe kwa saa ya kupimia mwendo wa pistoni, usikadiriwe kwa sikio.

Baada ya hayo tu ndipo kiasi kiguswe. Mahali pa asili pa skrubu pawekwe alama ya rangi, na izungushwe kwa sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, gari likijaribiwa na mzigo. Kwa kuwa skrubu hii hugusa pia kazi ya gavana, mzunguko wa injini iliyotulia hupanda na hulazimika kurekebishwa upya. Ikiingizwa kupita kiasi, injini inaweza kukataa kushuka mwendo, jambo la hatari kwa gari lenye abiria juu ya mzigo. Moshi nao usomwe kwa rangi. Mweusi huashiria dizeli kuzidi hewa, mweupe huashiria dizeli isiyoungua au wakati uliochelewa, na wa samawati huashiria oili.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayotafutwa katika pikapu ya zamani ni ile iliyopotea kupitia chujio, nozeli na wakati, na kwamba skrubu ya kiasi haiwezi kuirudisha. Kwa watafiti wa istilahi, mfumo huu ni ushahidi kwamba uteuzi wa neno una gharama inayopimika kwa shilingi. Daftari la gereji lenye safu tatu, yaani kiasi, wakati na kanieneo, likijazwa kabla na baada ya kila kazi, litampa fundi anayefuata mahali pa kuanzia, na litampa mwenye gari haki ya kujua ni nini hasa kilichobadilishwa.