MATAIRI MAPYA YA GARI LA WAGONJWA: KUTOKA MBARARA HADI MATOPE YA NAKIVALE



Wengi wenu mmeona kwamba gari la wagonjwa la upande wetu sasa lina matairi mapya yenye meno makubwa. Mama mmoja aliniuliza kwenye foleni ya maji: "Dada, kwa nini wanunue matairi wakati dawa zenyewe hazitoshi?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Nilikuwepo Mbarara siku matairi hayo yalipofungwa, na nilikuwa ndani ya gari siku lilipojaribiwa kwenye matope. Lakini kabla ya hapo niliwahi kuwa ndani ya gari jingine la wagonjwa, usiku mmoja wa mvua. Nianze na usiku huo.

Usiku wa mvua

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Mama mmoja wa kijiji changu alianza uchungu asubuhi. Nyumbani walimngoja mume arudi kutoka shambani ili atoe ruhusa, kisha wakangoja mtu mwenye salio kwenye simu. Mimi nilipigiwa jioni. Tulimfikisha kituo cha afya kwa boda boda, akajifungua saa mbili usiku. Mtoto alilia vizuri, tukashukuru. Baada ya muda mfupi damu ikaanza kutoka nyingi. Mkunga alimpa dawa, akamkandamiza tumbo, kisha akasema lazima aende Mbarara kuongezewa damu.

Tulipofika kwenye bonde kabla ya kuipata lami, gari lilizama. Dereva alikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure na gari likateleza upande. Niliposhuka na tochi niliona matairi ya nyuma yamekwisha katikati, laini kama kiganja cha mkono. Watu wa karibu walitoka na majembe, wenyeji na wakimbizi pamoja. Walikata majani na matawi, wakayatandika chini ya magurudumu. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Wakati wote huo muuguzi alikuwa nyuma, mkono wake juu ya tumbo la mama, akimwita jina asilale.

Mama yule alifika, akaongezewa damu, akapona. Leo tunakutana naye sokoni. Lakini wahudumu wa afya tunafundishwa kwamba damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama kwa muda wa saa mbili tu. Sisi tulipoteza zaidi ya moja matopeni.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba akina mama wengi hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kupata huduma baada ya kufika hospitali. Tangu hapo mafundisho haya yametumika katika nchi nyingi.

Tairi linahusu kuchelewa kwa aina ya pili. Kutoka Base Camp hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ni takriban kilomita 60. Sehemu ya lami si tatizo kubwa. Tatizo ni maramu, hasa mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba. Dawa nzuri ikiwa Mbarara na mgonjwa akiwa amekwama bondeni, dawa hiyo haimsaidii. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama wa foleni ni hili: tairi nalo ni sehemu ya matibabu.

Siku ya kufunga

Siku ya kufunga tulikuwa tumempeleka mgonjwa wa rufaa Mbarara. Baada ya kumkabidhi hospitalini, dereva wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, alipeleka gari kwa fundi wa matairi mjini. Aliniambia, "Binti, usikae ndani. Shuka ujifunze, siku moja utawafundisha wengine."

Jambo la kwanza alilofanya Mzee ni kusoma maandishi ya tairi kabla halijafungwa. Gari letu ni Land Cruiser, na tairi lake limeandikwa 7.50R16. Namba 7.50 ni upana wake kwa inchi. Herufi R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyosukwa, na 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Kisha alitafuta namba nne zilizo mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Namba mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3223, tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2023. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri lakini likawa limezeeka dukani na kupasuka pembeni. Ndugu zangu wa boda boda, hata tairi la pikipiki huwa na namba hizo. Zisomeni kabla ya kulipa.

Fundi kijana alimwonyesha Mzee picha kwenye simu: gari la mashindano lenye rimu zinazoitwa bidiloku. Rimu hizo zina ringi ya nje inayofungwa kwa bolti nyingi, na ukingo wa tairi unabanwa katikati ya ringi na rimu. Kwa nini? Tairi la kawaida linashikwa kwenye rimu na nguvu ya upepo ulio ndani. Madereva wa jangwani na wa matope mazito hupunguza sana upepo ili tairi litandae na kushika ardhi. Upepo ukipungua mno, ukingo unaweza kuchomoka. Bidiloku inauzuia usichomoke.

"Mzee, kwa nini sisi tusiweke hizo?" nikauliza.

Alicheka kidogo. "Zile bolti zote lazima zikaguliwe mara kwa mara. Rimu ni nzito, ni ghali, na ikiharibika usiku Rubondo nani ataitengeneza? Mimi nabeba mgonjwa, nusu ya safari niko kwenye lami. Nataka kitu ambacho fundi yeyote wa hapa anakijua."

Basi tulibaki na rimu zetu za chuma, ambazo nazo zina ringi yake. Hapa nawaomba msome kwa makini. Rimu ya namna hii, iliyopo pia kwenye malori mengi, ina ringi ya chuma inayozuia tairi lisitoke. Ringi hiyo ikiwa na kutu, imepinda au haikukaa vizuri, wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka kwa nguvu kubwa na kumuua mtu. Fundi yule aliisugua ringi kwa brashi ya waya, akaweka tyubu mpya, kisha akaliingiza tairi ndani ya kizimba cha vyuma kabla ya kufungua kompresa. Alisimama pembeni, si mbele yake, na aliwafukuza watoto wawili waliokuja kutazama. Nilikumbuka jinsi watoto wetu wanavyozunguka lori linapojazwa upepo barabarani. Wazazi, waondoeni.

Mwisho alikaza nati kwa kuvuka, moja ya juu kisha ya upande wa chini, si kwa kufuatana, ili gurudumu likae sawa. Tulipofika Nakivale, Mzee alitoa spana akazikaza tena zote. Alisema nati za gurudumu lililofungwa upya hulegea kidogo katika kilomita za mwanzo. Asiyerudia kuzikaza anaweza kupoteza gurudumu njiani.

Siku ya kujaribu

Tulingoja mvua. Ilinyesha usiku, asubuhi tukatoka bila mgonjwa. Juu ya machela tulifunga madumu matatu ya maji ya lita 20, ambayo yana uzito wa kilo 60 hivi, kama mtu mzima. Nyuma tulikaa watu watatu, kwa sababu gari tupu na gari lenye watu haviendi sawa.

Kwanza tulipita maramu ngumu yenye mawimbi madogo. Mzee alikuwa amepunguza upepo kiasi cha robo hivi, na mtikisiko ulipungua kuliko nilivyozoea. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyevunjika mguu. Kisha tukafika kwenye bonde, lile lile la usiku ule wa Novemba. Mzee alisimama kwanza, akashuka, akatazama matope yana kina gani. Akaingiza magurudumu yote manne, akatia gia nzito na kwenda polepole bila kubadilisha. Gari liliyumba mara mbili. Nilishika machela kwa nguvu. Meno ya tairi yalikuwa yakirusha matope pembeni na kuchukua mengine, na mara tukawa ng'ambo. Sikusema kitu. Niliangalia saa, ilikuwa imepita chini ya dakika mbili.

Nilimuuliza Mzee kwa nini asipunguze upepo zaidi ili apite kirahisi zaidi. Alinieleza kwamba tairi letu lina tyubu. Upepo ukiwa mdogo sana, tairi huteleza juu ya rimu, huivuta tyubu, na valvu inakatika. Tena ukikimbia kwenye lami na upepo mdogo, tairi hupata joto na kupasuka. Kabla ya kuingia lami alijaza tena kwa pampu ya gari na kupima kwa kipimo, si kwa teke la mguu.

Matairi haya yana kasoro pia. Kwenye lami yanapiga kelele. Lami ikiwa na maji, gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko likiwa na matairi ya barabara. Kwa hiyo msimlaumu dereva akienda taratibu kwenye lami wakati wa mvua. Tena tairi lolote halivuki maji yanayokimbia. Mto ukijaa juu ya barabara, dereva atasubiri au atazunguka.

Sehemu yetu sisi

Nimefikiri sana juu ya mama yule. Tulipoteza zaidi ya saa moja matopeni, lakini nyumbani zilikuwa zimepotea saa nyingi, toka asubuhi hadi jioni. Uchungu ukikaa muda mrefu, hatari ya kutoka damu nyingi nayo inaongezeka. Hakuna tairi linaloweza kurudisha saa zile. Ndiyo maana tunawaomba yafuatayo:

1. Mama mjamzito na familia yake wapange mapema: nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, simu ya nani itatumika. Mume atoe ruhusa kabla, asingojwe siku ya uchungu.

2. Uchungu ukianza, nendeni kituo cha afya. Mkiona damu nyingi, degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona giza, au homa kali, msingoje hata kidogo. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji.

3. Mnapoita gari, semeni zoni, kijiji, na alama inayojulikana kama kanisa, msikiti au kisima. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi.

4. Msichimbe mfereji wa shamba unaomwaga maji barabarani. Siku za kazi ya kijiji, tuzibue mitaro ya kando ya njia. Maji yakipata pa kupita, bonde halizami.

5. Gari likikwama, saidieni kwa majani, matawi na majembe, lakini msisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka. Mawe na vijiti hurushwa kwa nguvu.

Matairi ya zamani

Wengine wameuliza matairi ya zamani yako wapi. Yalibaki kwa fundi Mbarara, na hilo ni jema. Tairi bovu nyuma ya nyumba hukusanya maji ya mvua, na mbu huzaliana humo, wakiwemo wale wanaoeneza homa ya manjano. Ugonjwa huo ulitokea Masaka, Rukungiri na Kalangala mwaka 2016. Kama una tairi la zamani, mpe fundi wa viatu, au litoboe chini maji yasikae, au ulijaze udongo na kupanda mboga. Usilichome, moshi wake unadhuru mapafu ya watoto.

Jumatatu iliyopita gari lilipita tena bondeni usiku, likiwa na mgonjwa ndani. Nilisikia kutoka kwa Mzee asubuhi yake, akiwa anaosha matope kwenye magurudumu. Nilimuuliza walikwama wapi. Akasema, "Hatukukwama, binti. Ila walituita saa tisa za usiku, na mtu ameumwa tangu juzi."

Ndugu zangu, gari liko tayari. Liiteni mapema.