Kanuni Isiyotenda: Hitilafu za Usanidi katika Programu za Kanuni za Biashara

Utangulizi

Benki inapoamua ni nani akopeshwe, au kampuni ya bima inapokadiria ada ya gari, uamuzi huo aghalabu hufanywa na programu ya tarakilishi inayofuata kanuni zenye sharti na tokeo: iwapo mwombaji ametimiza miaka 18 na hana deni lililochelewa, basi ombi lake lipitishwe. Mwanafunzi wa sarufi atautambua muundo huu papo hapo kuwa ni sentensi changamano yenye kishazi cha masharti. Makala haya yanaeleza ni kwa nini kanuni iliyoandikwa sawasawa huweza kukosa kutenda, na jinsi kasoro hiyo inavyotafutwa. Mfano mkuu ni Drools, programu huria iliyoanzishwa mwaka wa 2001.

Upatanisho Unapovunjika

Katika Drools, kanuni huhifadhiwa katika faili zake zenyewe. Kinachoziunganisha na programu inayozitumia ni faili ya usanidi iitwayo kmodule.xml, ambayo hutaja vifurushi vya kanuni na kikao kitakachozitekeleza. Majina hayo hayana budi kuoana herufi kwa herufi. Mtu akisema "kitabu wangu wamepotea", msikilizaji hukereka lakini huelewa. Tarakilishi haina ukarimu huo.

Ikumbukwe kwamba makosa haya hayalingani kwa uzito. Jina la kikao likikosewa, programu hukwama mara moja, kosa limejitangaza. Jina la kifurushi likikosewa, mfumo huendelea kufanya kazi bila kanuni zilizokusudiwa, na huenda ukaacha mstari mmoja tu wa onyo katika kumbukumbu zake. Waombaji huendelea kuhudumiwa, ila hakuna anayepimwa kwa kanuni.

Kutafuta Kiini

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Amri ya fireAllRules hurejesha idadi ya kanuni zilizotenda. Ikiwa ni sifuri, maswali matatu huulizwa kwa mpangilio: Je, kanuni zimepakiwa? Je, taarifa zilizoingizwa ni za aina ile ile inayotajwa na kanuni? Je, sharti lenyewe limetimizwa? Wengi hukimbilia swali la tatu na kuanza kuandika upya kanuni isiyo na kosa. Kwa upande mwingine, idadi ikizidi matarajio au kanuni zisipokoma kutenda, yamkini kanuni fulani inabadilisha taarifa inayoiamsha yenyewe. Sifa ya no-loop huizuia. Aidha, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja.

Funzo la Knight Capital

Umuhimu wa utaratibu huu ulidhihirika nchini Marekani tarehe 1 Agosti 2012, ingawa mfumo uliohusika haukuwa Drools bali wa kupeleka maagizo ya hisa. Kampuni ya Knight Capital ilikuwa imeweka programu mpya katika seva 7 kati ya 8. Seva ya nane ilibaki na programu ya zamani, na alama ile ile iliyowasha kazi mpya kwingineko iliamsha humo kazi iliyoachwa kutumiwa tangu 2003. Barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu zilikuwa zimetumwa na mfumo kabla ya soko kufunguliwa, lakini hazikushughulikiwa. Katika kutafuta suluhu, wahandisi waliiondoa programu mpya katika seva 7 zilizokuwa salama, nazo zikaanza kukosea vivyo hivyo. Katika muda wa dakika 45 hivi, hasara iliyozidi dola milioni 400 ilipatikana.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kanuni haitoshi kuwa sahihi yenyewe. Sharti ipatane na majina, taarifa na mahali inapotendea kazi. Onyo dogo lisomwe mapema, na chanzo kijulikane kabla ya tiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.