Kisahani kinachovuma na kisahani kinachokufaa

Ukitoka Mikumi kwa barabara ya kwenda Kilosa, utapita kata inaitwa Ulaya. Siyo ile ya Paris na Berlin. Hii ni Ulaya yetu ya mkoa wa Morogoro, na ukisema "nimetoka Ulaya leo asubuhi" huhitaji kuonyesha pasipoti. Ila ipo Ulaya nyingine, ile ya vichwani mwetu. Tukiambiwa kifaa ni "cha Ulaya", eti ndicho anachotumia bingwa wa dunia, tunakitamani kabla hata hatujauliza: je, kinanifaa mimi?

Leo tuulize swali hilo kwa kifaa kimoja tu: kisahani, kile cha kurusha kwenye riadha.

Hebu tufikirie mwalimu wa michezo wa sekondari huko huko Ulaya ya Kilosa. UMISSETA inakaribia, na fedha iliyopo inatosha visahani viwili, basi. Wanafunzi wake wengi hawajawahi kukishika. Anunue vya aina gani? Akikosea, siyo fedha tu inayopotea. Kuna binti wa kidato cha pili atarusha mara tatu, kitaanguka mita 12, wenzake watacheka, na kitabu cha kipaji chake kitafungwa siku hiyo hiyo. Na huenda tatizo halikuwa mkono wake.

Kwanza, kinapaa vipi?

Tufe ukilirusha, hewa haina habari nalo sana. Kisahani ni kitu kingine. Umbo lake ni kama mabakuli mawili mapana yaliyofunikizana, jembamba pembeni na nene katikati, kwa hiyo hewa inayopita juu na chini yake inaweza kukiinua. Kani hiyo tuiite unyanyuzi.

Unyanyuzi unategemea mraba wa kasi. Ukiongeza kasi mara 2, unyanyuzi unapanda mara 4. Ukipunguza kasi, nao unashuka kwa haraka vile vile. Mrushaji wa kiwango cha dunia anakiachia kisahani kwa kasi ya kama mita 25 kwa sekunde. Mwanafunzi anayerusha mita 25 hivi anakiachia kwa takriban mita 15 kwa sekunde. Gawanya 15 kwa 25, unapata 0.6. Zidisha 0.6 kwa 0.6, unapata 0.36. Maana yake, kwa kisahani kile kile kilichoachiwa vile vile, mwanafunzi anapata unyanyuzi wa kama theluthi moja tu ya ule wa bingwa. Uzito wa kisahani, lakini, haujapungua hata gramu.

Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kifanye vizuri kwenye kasi ya bingwa, mkononi mwako kinaishi maisha mengine kabisa.

Pili, uzito umekaa wapi?

Hapa ndipo wengi hawaangalii. Visahani viwili vinaweza kuwa na uzito ule ule kwenye mizani na bado vikawa na tabia tofauti, kwa sababu kimoja uzito wake umetandazwa na kingine uzito umejazwa ukingoni, kwenye ile pete ya chuma.

Kila kitu kinachozunguka kina ukaidi wake: hakitaki kuanza kuzunguka, na kikishaanza hakitaki kuacha. Wanafizikia wanauita inesha ya mzunguko. Kadiri uzito unavyokaa mbali na katikati, ndivyo ukaidi unavyoongezeka. Bamba la duara ambalo uzito wake umetandazwa sawasawa, ukiuhamishia uzito wote ukingoni, inesha yake inakuwa mara 2. Mizani haitakuambia hilo, vidole vitakuambia.

Kwa nini tunajali mzunguko? Kwa sababu ndio unaokifanya kisahani kitulie hewani. Umewahi kucheza pia? Ikizunguka inasimama wima, ikichoka inayumba na kulala. Kisahani nacho hivyo hivyo: kisipozunguka vya kutosha kinapinduka, hewa inakikamata kwa ubapa wake, kinadondoka.

Watengenezaji huuza visahani kwa asilimia ya uzito ulioko ukingoni. Vya mabingwa viko huko kwenye 90, vya wanaojifunza viko karibu na 70. Cha ukingo mzito kina sifa moja kubwa: kikishazunguka, kinashika mwelekeo na mzunguko wake unadumu. Ndiyo maana kinavuma. Ila kina masharti mawili. Kwa msukumo ule ule wa kidole cha shahada, kitazunguka polepole kuliko cha ukingo mwepesi. Na mwelekeo kinaoushika ni ule uliokipa wewe. Ukikiachia kimeinama vibaya, kitaendelea kuinama vibaya kwa uaminifu mpaka chini.

Ndiyo maana makocha wengi huwaanzishia wanafunzi ukingo mwepesi, au kisahani cha raba ambacho uzito wake umetawanyika. Kile cha raba watu wanakidharau, lakini ndicho kinachovumilia uwanja mgumu na mrushaji ambaye bado anajifunza.

Tatu, mkono wako una ukubwa gani?

Kimataifa, wanaume hurusha kisahani cha kilo 2, chenye upana wa sentimita 22 hivi. Wanawake hurusha cha kilo 1, sentimita 18 hivi. Vijana wa kiume chini ya miaka 18 wana cha kilo 1.5, na chini ya miaka 20 cha kilo 1.75. Mgawanyo huu haukuwekwa kwa kupendelea mtu.

Turudi kwa yule binti. Tuseme shule ina kisahani kimoja tu, cha kilo 2, na yeye anaambiwa "jaribu hicho hicho". Uzito ni mara 2 ya anaostahili. Nusu kipenyo kimeongezeka kutoka sentimita 9 hadi 11, na kwa kuwa kwenye inesha nusu kipenyo kinapigwa mraba, ukaidi wa kuzunguka unafika karibu mara 3. Juu ya hapo, kiganja chake hakikikamati. Kisahani hakishikwi kama sahani ya ugali. Kinalazwa kwenye kiganja, na pingili za mwisho za vidole ndizo zinazokunjika ukingoni. Vidole visipofika, atakibana kwa nguvu, mkono utakakamaa, na bega ndilo litakalolipa.

Mtu akirusha hivyo halafu akaambiwa hana kipaji, kipimo kimepimwa kwa mizani mbovu.

Siyo kisahani peke yake

Jirani zetu Kenya wana Julius Yego. Alikulia Nandi, akajifunza mkuki kwa kuangalia video za mabingwa YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia jijini Beijing kwa mita 92.72. Mwaka uliofuata akachukua fedha ya Olimpiki kule Rio.

Vijana wengi wakisikia habari hiyo wanataka mkuki wa Yego. Sasa sikia: mikuki ya mashindano huuzwa kwa daraja la umbali. Upo wa mita 50, wa 60, wa 70, mpaka 90. Yote ya wanaume ina gramu 800. Kinachotofautiana ni ugumu wa mti wake na unene wake kuelekea ncha na mkia. Ule wa mita 90 ni mgumu na mwembamba, unamfaa mwenye kasi kubwa. Anayerusha mita 45 akiushika, ncha inashuka mapema, wakati mkuki wa daraja la chini ungempa kuelea kidogo. Mkuki wa bei ya juu unamrudisha nyuma.

Marekani kuna mchezo mwingine ambao huku kwetu bado haujulikani sana, gofu ya visahani. Ulishika kasi California miaka ya 1970. Wachezaji wanarusha visahani vya plastiki, vingi vya gramu 150 hadi 180, kulenga kikapu chenye minyororo. Siku hizi kisahani huandikwa namba nne, na ya kwanza ni kasi kinayoitaka ili kiruke ipasavyo. Anayeanza huvutiwa na namba kubwa, 12 au 13, kwa sababu ndivyo wanavyorusha wanaoonekana kwenye video. Mkono wake haufikishi kasi hiyo, kisahani kinakata kona mapema na kutua kando. Akipewa cha kasi ndogo, mara nyingi kinakwenda mbali zaidi.

Michezo mitatu, na somo ni lile lile. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake.

"Lakini kwenye mashindano uzito umepangwa!"

Ni kweli. Huwezi kwenda UMISSETA ukajichagulia uzito. Ila ndani ya uzito huo huo unachagua ukingo, malighafi na unene unaokaa vizuri mkononi. Na kwenye mazoezi una uhuru zaidi: chepesi cha kujifunzia mwendo, kisha cha mashindano mwendo ukishakaa.

Utajuaje kipi ni chako? Hapa sayansi haikupi jibu moja kwa watu wote. Inakupa njia ya kujipima.

Chukua visahani viwili vya uzito mmoja. Rusha kila kimoja mara 10. Usimalize kimoja ndipo uanze kingine, kwa sababu cha pili kitakutana na mkono uliochoka. Badilisha: cha kwanza, cha pili, cha pili, cha kwanza, mpaka umalize. Pima kwa futi kamba na uandike kila mtupo, hata ule wa aibu. Mwisho tafuta wastani, kisha angalia mitupo imetawanyika kiasi gani. Mtupo mmoja wa ajabu unaweza kuwa bahati tu. Wastani wa mitupo 10 ni taarifa. Kisahani kinachokupa mita 24, 25, 24, 26 ni rafiki kuliko kinachokupa 29 mara moja na 17 mara tatu.

Fanya yote siku moja, na uangalie upepo. Kisahani hupenda upepo wa mbele usiozidi kiasi. Ukikiachia kwa mita 15 kwa sekunde dhidi ya upepo wa mita 5 kwa sekunde, hewa inakiona kama kinakwenda kwa 20, na unyanyuzi unapanda karibu mara 1.8. Rekodi ya dunia ya wanaume, mita 74.08 ya Jürgen Schult, ilisimama tangu 1986. Mykolas Alekna wa Lithuania aliivunja Aprili 2024 kwa mita 74.35 huko Ramona, Oklahoma, mahali ambapo warushaji huenda makusudi kufuata upepo. Kwa hiyo ukipima kimoja asubuhi kumetulia na kingine alasiri kunavuma, umepima hali ya hewa.

Huna kisahani kabisa? Tafuta mifuniko miwili ya ndoo inayofanana. Gawa udongo wa mfinyanzi sehemu mbili sawa. Kwenye mfuniko mmoja bandika wote katikati, kwenye mwingine utandaze kuzunguka ukingo, na ufunge kwa selotepu. Izungushe yote kwa kidole, kisha irushe uwanjani pasipo na watu mbele. Ukaidi tuliousema utausikia mwenyewe kwenye kidole.

Mwalimu wetu anunue nini?

Kwa fedha ya visahani viwili, na wanafunzi wanaoanza, mimi ningemshauri kimoja cha raba cha kilo 1 na kimoja cha kilo 1.5 chenye ukingo mwepesi. Wasichana wanapata uzito wao halali, wavulana wadogo wanapata wa kwao, na hakuna kitakachovunjika kwenye uwanja wa udongo mkavu. Cha asilimia 90 kisubiri mpaka daftari lionyeshe kuna mwanafunzi ambaye mitupo yake imetulia na mkono wake umekuwa na kasi.

Na yule binti wa kidato cha pili arushe tena, safari hii na cha kilo 1 na vidole vikiwa vimefika ukingoni. Mitupo 10, yote iandikwe. Ndipo tuzungumze habari ya kipaji.