Kosaini na Kiwanja cha Mlimani

Anayenunua kiwanja kwenye miteremko ya Gatsata, Kimisagara au Rebero nchini Rwanda, kisha akakipima kwa futikamba yake, ana kila sababu ya kushtuka. Ameilaza futikamba juu ya udongo kutoka mpaka wa juu hadi wa chini akasoma mita 30. Upana, unaokata mlima kwa usawa, ni mita 20. Kwa hesabu yake ni mita za mraba 600. Hati inasema 564, na wa kwanza kushukiwa ni mpima ardhi. Ninavyoona mimi, mnunuzi huyu hajapunjwa hata mita moja, na ushahidi umo katika pembetatu mraba, ile iliyochorwa ubaoni sekondari na kusahauliwa mtihani ulipokwisha.

Mteremko ndio upande mrefu wa pembetatu hiyo, yaani kiegama. Upande wa pili ni kimo, na wa tatu ni umbali wa mlalo, ule ambao ndege angeuruka bila kupanda wala kushuka. Kosaini ya pembe ya mteremko ni mlalo ukigawanywa kwa kiegama. Mlima ukiinama digrii 20, kosaini ni 0.94, mita 30 za udongo zinakuwa 28.2 za mlalo, na zikizidishwa kwa 20 ndiyo 564 ya hati. Pembe yenyewe haihitaji chombo cha gharama. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, usawazishe kwa pima maji, kisha upime pengo lililo chini ya ncha ya pili. Likiwa sentimita 73, gawanya kwa 200: unapata 0.365, ambayo ni tanjenti ya digrii 20 na nukta kidogo. Tahadhari moja: wahandisi huandika mteremko kwa asilimia, na asilimia hiyo ni tanjenti, si digrii. Mlima wetu ni wa asilimia 36 hivi. Na mteremko wa asilimia 100 si ukuta, ni digrii 45 tu.

Lakini kwa nini serikali ihesabu mlalo, wakati mwenye shamba analima udongo wote? Uandikishaji wa ardhi wa Rwanda kati ya 2009 na 2013, uliofikia viwanja zaidi ya milioni 10, ulitegemea picha za angani ambazo majirani walizitumia kuonyesha mipaka yao, na picha iliyosahihishwa kuwa ramani huona ardhi kutoka juu moja kwa moja. Hilo linaeleza namna tu. Uhalali wa hesabu hiyo uko kwingine. Sakafu ya nyumba hailali na mlima, mgomba husimama wima popote ulipopandwa, na mvua inayonyesha wima haiongezeki kwa sababu ardhi imeinama. Ushahidi mzito zaidi ni matuta ya ngazi yanayoonekana kwenye vilima vya nchi nzima: jumlisha upana wa ngazi zote za shamba, na hutauvuka umbali wa mlalo. Hata hivyo mlalamikaji ana haki upande mmoja. Uzio unaoshuka na mlima hununuliwa kwa urefu wa kiegama, na mabati ya paa vilevile. Huko mlalo hugawanywa kwa kosaini, na fundi anayesahau hupungukiwa.

Wengine watasema mitambo ya setilaiti imemaliza kazi hii. Kweli, mpima ardhi wa leo hapigi hesabu kwa mkono. Ila mtambo hutoa namba bila kumwambia mnunuzi kwa nini inatofautiana na futikamba yake, wala tofauti gani ni halali. Kosaini inamwambia. Kwa mteremko wa digrii 10 tofauti ni asilimia 1.5 tu, haifai hata kuzozania; kwa digrii 30 inazidi asilimia 13. Na kama hati ya kiwanja chetu ingesema 480, mteremko ungeeleza mita za mraba 36 pekee. Zile 84 zilizobaki si za kosaini: hapo pana mstari uliochorwa vibaya pichani au jirani aliyesogeza mpaka, na mwenye kiwanja ana sababu ya kumwita mpima ardhi arudi.