Daktari wa Migori na Homa Bay afunzwe wapi?

Msomaji, ukiugua ghafla usiku jijini Nairobi, daktari atakayekupokea aghalabu amefunzwa katika hospitali inayofanana na hiyo uliyofikishwa. Kuna maabara, kuna eksirei, na kuna mkubwa wake wa kumwuliza. Je, umewahi kujiuliza daktari huyo atafanya nini akipelekwa Mbita kando ya Ziwa Victoria, au Rongo katika Migori, ambako mgonjwa ameletwa kwa bodaboda na jamaa zake wamekwisha kukata shauri kwamba maradhi yake ni chira?

Kwa wasioijua, chira ni imani ya Waluo kwamba aliyevunja miiko hukonda na kudhoofika hadi kufa, asipopewa dawa za kienyeji ziitwazo manyasi. Ukimwi ulipoingia Nyanza, watu waliona dalili zile zile wakalipa jambo jina walilolijua. Daktari akisema, "Huo ni ujinga," mgonjwa ataondoka kabla hata ya kutolewa damu ya kupimwa. Akiuliza kwa adabu, "Mzee, nyumbani mmetumia dawa gani?" atampata mgonjwa huyo na pengine mkewe pia. Hili halimo katika kitabu cha anatomia.

Ndiyo sababu leo tunamtazama Profesa Haroun Mengech, bingwa wa maradhi ya akili aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sayansi za Afya, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Eldoret ni mbali na ziwa, lakini swali alilolikabili ndilo la Migori na Homa Bay.

Kumbuka kwamba hadi 1967 Kenya haikuwa na shule ya udaktari. Vijana wetu walikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Mwaka huo Nairobi ikaanza kufundisha, na kwa zaidi ya miaka 20 ikawa shule ya pekee nchini, mafunzo yake yakiegemea Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ilitoa madaktari hodari, hilo halina ubishi. Lakini anayejifunzia Kenyatta humwona mgonjwa akiwa tayari kitandani. Haoni njia aliyopitia hadi kufika hapo.

Moi ilipopokea wanafunzi wake 40 wa kwanza mwaka 1990, Mengech na wenzake hawakunakili Nairobi. Walifuata mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969: kikundi kidogo hupewa kisa cha mgonjwa, kikatafuta chenyewe kiini cha tatizo, mwalimu akiwa msimamizi tu. Juu ya hayo wakaweka mpango wa kuwapeleka wanafunzi mashambani tangu mapema, si mara moja bali kwa awamu. Kwanza huijua jamii. Kisha huchunguza maradhi yake, huandaa na kufanya utafiti wao, na mwishowe huona jinsi huduma za afya za wilaya zinavyoendeshwa. Mimi naona si ajabu kwamba mpango huu ulisimamiwa na daktari wa akili, mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Baadaye Mengech aliiongoza pia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Haja ya mafunzo ya namna hiyo ilidhihirika Homa Bay. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya ukimwi katika hospitali ya serikali huko, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa za wenye pesa. Kuandika jina la dawa ni rahisi. Kazi ni kumweleza mvuvi anayelala ziwani kwa nini azimeze kila siku hata akijihisi mzima. Na kazi haijaisha: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 20 katika kila 100 Homa Bay waliishi na virusi, na 13 Migori, huku wastani wa nchi ukiwa karibu 5.

Huko Migori, katika kijiji cha Lwala, somo lilikuja kwa njia nyingine. Ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walikwenda kusoma Marekani. Wanakijiji waliuza mifugo ili Milton apate nauli ya ndege. Wazazi wao wote wawili walifariki kwa ukimwi. Zahanati ambayo baba yao aliitamani ilifunguliwa mwaka 2007, Milton akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Baadaye wakunga wa jadi, nyamrerwa, walipewa mafunzo na mshahara ili wawatembelee kina mama nyumbani na kuwahimiza kujifungulia kituoni. Mama aliyezoea kumwita nyamrerwa usiku sasa husindikizwa naye hadi kwa muuguzi.

Siku hizi hospitali ya kaunti ya Homa Bay nayo ina neno "mafunzo" katika jina lake. Lakini mafunzo yana gharama. Mwaka 2024 madaktari walioajiriwa na umma waligoma kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na moja ya hoja kuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema Sh206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa Sh70,000. Mwanagenzi ndiye aghalabu anayekupokea usiku katika hospitali za kaunti.

Basi ukilazwa, ukaona vijana wenye makoti meupe wamezunguka kitanda chako, usiogope. Uliza nani msimamizi wao. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe, nawe ukubali, kabla ya kuhudumiwa. Kwa hivyo una haki ya kukataa kuguswa na mwanafunzi. Ukikubali, waambie yote, hata manyasi uliyokunywa.